Injini Iliyotoka Sandukuni

Landrova ya marehemu mzee Seleman ndiyo ilikuwa gari pekee linalolala Mkongo. Magari mengine yalikuja, yakapakia, yakarudi Ikwiriri kabla jua halijachwea. Mzee alipofariki, gari hakuwaachia wanawe wa kiume. Alimwachia Waride, binti yake, aliyekuwa akikaa naye kiti cha mbele tangu hajang'oka meno ya utoto. Watu wa barabara ile walishazoea kumwona kashika usukani, mtandio kaufunga nyuma ya shingo, akipiga honi kuwafukuza mbuzi.

Alibeba kila kitu: mpunga, samaki wakavu, walimu wapya na magodoro yao, maharusi, maiti. Ile injini ya zamani ilikuwa inavuja mafuta na kutoa moshi mweusi, na kwenye mwinuko abiria waliteremka wakapanda kwa miguu. Lakini maji haikuyaogopa. Mzee Seleman alikuwa amefunga bomba la kupumulia lililopanda ubavuni mpaka juu ya paa. Masika, bonde la Mivumoni linapojaa, Waride aliingia humo maji yakigonga boneti, akatokea upande wa pili, abiria wakacheka kwa woga uliokwisha.

Mwaka mmoja injini ikafa njiani, karibu na Ikwiriri. Kulisikika kishindo, mafuta yakamwagika barabarani, na gari likavutwa kwa trekta hadi Kibiti, kwenye gereji anayofanyia kazi mumewe, Haidari. Haidari alikuwa fundi anayelala Kibiti siku za kazi na kurudi Mkongo kila Alhamisi. Aliifungua injini ile ya mkwewe, akaingiza mkono mzima kwenye tundu lililotoboka ubavuni.

"Imekwisha, mama Tahiri," alisema. "Hapa hakuna cha kuziba."

Ndipo Azan, kaka yake Waride anayeishi Maskati, aliposema asiwe na shaka, ataleta injini. Waride alidhani italetwa ya mtumba kama zinavyoletwa zote. Lililoshushwa kutoka kwenye lori pale Kibiti lilikuwa sanduku la mbao nyeupe lililopigwa misumari pande zote. Ndani yake, chini ya nailoni nzito, kulikuwa na injini mpya ya dizeli ambayo haikuwahi kuwashwa hata mara moja.

Haidari alinawa mikono kwanza ndipo akaigusa. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza vitu vilivyochoshwa na wengine. Alizifungua injini akikuta ndani yake makosa ya mafundi waliomtangulia. Hii haikuwa na kosa la mtu. Aliizunguka, akaipapasa, akamwita Waride aje anuse harufu yake. Waride alicheka. "Unainusa kama mtoto mchanga," akamwambia.

Kazi ilikuwa kubwa. Injini ya kisasa haikai kwenye gari la zamani kwa kuomba. Mkereza wa vyuma alichonga sahani nene ya chuma ya kuiunganisha na giaboksi ile ile ya zamani. Haidari alikata mauntini, vile vishikizo vya injini, akachomelea nyingine, akatafuta rejeta kubwa zaidi, akasogeza hiki, akapunguza kile. Injini yenyewe haikuwa na pampu ya kawaida ya kuchezea kwa spana. Iliendeshwa na kompyuta, kijisanduku bapa ambacho mafundi wanakiita kontroboksi, na kutoka humo lilitoka fungu la waya za kila rangi.

Hapo kwenye waya ndipo palipokuwa na tatizo, na Haidari aliliona siku ile ile. Waya zilikuja kwa kipimo cha gari jingine. Ndani ya Landrova ziliishia chini, sakafuni, mbele ya kiti cha abiria. Mahali pa kontroboksi palikuwa juu, kwenye dari ya mbele, ambako maji hayafiki. Kuifikisha huko kulitaka kukata waya moja moja na kuziunga kwa risasi ya kuyeyushwa, bila kukosea rangi.

"Tutazirefusha," alisema. "Kwa sasa ikae hapo chini. Weye angalia maji tu." Akagusa ngazi ya mlango. "Yakizidi hapa, usiingie."

"Masika bado," Waride akajibu.

Siku Waride aliporudi na gari Mkongo, watoto walilikimbilia kisha wakasimama, maana hawakulisikia likija. "Limekuwa kimya kama friji," alisema mzee mmoja, na jina likashika: Friji. Kwenye mwinuko hakuna aliyeteremka. Safari ya Ikwiriri iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikawa fupi, Waride akaanza kwenda na kurudi, akaenda tena. Jioni alifika nyumbani bila maumivu ya mabega. Alimpigia mumewe simu kumwambia hivyo tu, kwamba mabega hayamuumi.

Waya zilinunuliwa. Haidari alizitundika kwenye msumari gerejini, zimeviringwa, zinangoja. Alhamisi ya kwanza alipotaka kuifanya kazi, Waride alisema haiwezekani, kesho yake kuna mnada na watu wote wanamtegemea yeye. Haidari akasema basi, wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, Waride alilipeleka gari Kibiti mwenyewe, akamkuta mumewe anapakia vyuma kwenye pikipiki. Lori lilikuwa limekwama Nyamwage, njia ya Lindi, na mwenye lori hakutaka fundi mwingine.

"Na waya?" Waride aliuliza.

"Zipo. Haziozi." Alikuwa ameshapanda pikipiki. "Nikirudi."

Waride hakubisha. Ukweli ni kwamba alifurahi kidogo, kwa kuwa alikuwa na abiria wanaomngoja sokoni. Aligeuza gari akarudi Mkongo.

Mvua ya masika ilikuja mapema, na ilikuja kwa hasira. Ilinyesha mfululizo, mto ukapanda, mashamba ya bondeni yakawa maji matupu, na madungu ya kulindia mpunga yakabaki yamesimama kama watu waliosahauliwa. Waride aliacha kwenda Ikwiriri. Aliliegesha gari chini ya upenu wa nyumba akasema atangoja maji yapungue.

Asubuhi moja, chai haijachemka, alikuja Ismaily. Ismaily alikuwa jirani, mkulima wa mpunga na ufuta, mtu wa maneno machache. Mkewe, Sihaba, ndiye aliyekuwa akimsuka Waride kila penye harusi, na alikuwa na mimba ya mtoto wa pili.

"Da Waride, Sihaba yuko zahanati tangu usiku," alisema. "Nesi anasema mtoto amelala mkingamo. Hawezi kutoka. Anatakiwa akapasuliwe."

"Gari la wagonjwa?"

"Wamepiga. Liko ng'ambo ya mto na mgonjwa mwingine, haliwezi kuvuka."

Waride alitazama mvua. Hakumwambia Ismaily habari za kontroboksi. Angemwambia nini, na mtu amesimama mbele yake hana hata viatu? Alichukua ufunguo.

Sihaba walimlaza nyuma juu ya godoro, kichwa chake mapajani mwa nesi Rukaiya, msichana wa Kibiti aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale zahanati. Ismaily alikaa miguuni pa mkewe. Barabara ilikuwa tope, lakini gari lilikwenda. Injini mpya ilivuta bila kulalamika, na Waride alianza kuamini.

Mivumoni maji yalikuwa yamefunika bonde zima, rangi ya chai ya maziwa, yakipita kutoka kushoto kwenda kulia na kubeba mabua. Upande wa pili waliwaona watu wamesimama na mizigo yao. Ismaily aliteremka bila kuombwa, akaingia kupima. Alipofika katikati maji yalikuwa mapajani. Aligeuka akanyoosha mkono, kuonyesha kwamba ardhi chini ni ngumu.

Waride alipiga simu Kibiti.

"Baba Tahiri, niko Mivumoni. Nimembeba Sihaba, uchungu umemzidi. Maji yanamfika mtu mapajani."

Upande wa Haidari, Waride alisikia nyundo ikigonga chuma.

"Yanakwenda?"

"Yanakwenda."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo njia gani, baba Tahiri? Njia ni hii."

"Ingekuwa ile ya mzee ungeshapita."

"Najua. Nakuuliza hii."

Nyundo ikanyamaza, labda Haidari alikuwa ametoka nje. Sauti yake ikawa karibu zaidi. "Izungushie nailoni kontroboksi. Nailoni mbili, kisha uifunge kwa mpira, ukaze. Iinue iwe juu ya kiti kadiri waya zinavyoruhusu. Ingia na gia ya kwanza. Usikanyage klachi, usisimame."

"Itapita?"

"Inshallah, itapita."

Nesi Rukaiya alitoa nailoni kwenye mkoba wake wa dawa. Waride akafunga alivyoelekezwa, akakaza mpira hadi vidole vikamuuma. Waya hazikuruhusu kontroboksi ipande juu ya kiti. Ilining'inia ubavuni mwake, ikibaki shibiri chache kutoka sakafuni. Ismaily alirudi akapanda. Waride akasoma Bismillahi, akaingia.

Mwanzo ilikwenda vizuri. Maji yalifika kwenye ngazi, yakaingia kwa chini ya milango, yakapanda hadi vifundoni mwake. Gari lilisukuma wimbi mbele yake kama zamani. Walipita mahali Ismaily aliposimama. Watu wa ng'ambo walionekana nyuso sasa, na mmoja alikuwa ameanza kupunga mkono kuonyesha pa kupandia.

Gurudumu likazama shimoni, maji yakapanda hadi kwenye kontroboksi. Taa moja ndogo iliwaka mbele ya usukani, ikazima, ikawaka. Injini haikukohoa wala haikutetemeka. Ilinyamaza tu.

Waride alizungusha ufunguo. Kwa injini ya baba yake, hata ikizimika majini, stata peke yake ingelijongeza gari; uliweka gia ya kwanza, ukashikilia ufunguo, likatambaa kama kobe mpaka nchi kavu. Alikuwa ameshalifanya hilo. Lakini stata ya injini hii nayo ilingoja ruhusa ya kontroboksi, na ruhusa haikuja. Alizungusha tena. Hakuna hata mlio.

Kukawa na sauti ya maji tu yakipita chini ya gari, na mvua juu ya bati.

"Da Waride," Sihaba aliita kutoka nyuma, "mbona limenyamaza?"

"Linapumzika kidogo, mdogo wangu. Linaondoka sasa hivi."

Aliendelea kuzungusha ufunguo. Nesi Rukaiya alimwambia kwa sauti ya chini, "Dada, tumtoe. Maji yanafika kwenye godoro."

Wanaume waliokuwa ng'ambo walikuja. Waling'oa benchi la nyuma, wakamlaza Sihaba juu yake, wakalipandisha mabegani, watu sita wa kimo tofauti, benchi likiinama upande. Ismaily alishika kichwa cha mkewe. Waride alitembea pembeni, maji yakimvuta khanga, akishikilia mguu wa Sihaba kana kwamba ndio ungemzuia asiondoke. Sihaba alikuwa akilia kwanza. Halafu akawa anahesabu jambo kwa midomo, labda dua. Halafu hakufanya lolote kati ya hayo.

Ng'ambo walimweka kwenye kibanda cha kuuzia mahindi. Kijana wa bodaboda alikwenda Ikwiriri kutafuta gari. Bodaboda yenyewe haikuweza kumbeba mtu wa hali ile. Damu ilikuwa imeanza, na nesi Rukaiya alifanya yote aliyofundishwa, akayarudia, akawa anasema peke yake, "Subiri, subiri." Pikapu ilipofika ikinguruma, alikuwa ameshamfunika Sihaba uso kwa khanga yake mwenyewe. Ismaily alikuwa amekaa chini kwenye tope, mgongo kaupa barabara.

Walimzika Mkongo kesho yake, yeye na mtoto wake ndani yake. Haidari alifika kwa kuzunguka, kwa mtumbwi na kwa miguu, akachukua jembe akachimba kaburi bila kumpokeza mtu mpaka walipomnyang'anya. Watu walisema ni kazi ya Mungu. Ismaily naye alisema hivyo, alipopewa mkono. Alimpa Haidari mkono kama alivyowapa wengine, na Haidari aliona ingekuwa afadhali angepigwa.

Gari lilivutwa kwa trekta likawekwa nyuma ya nyumba. Haidari hakurudi Kibiti. Alikaa barazani, Waride jikoni, mtoto wao Tahiri akipita kati yao akiuliza mambo ya shule na kujibiwa.

Siku moja Waride alitoka na bakuli la mihogo, akaliweka, akasema, "Weye ulikwenda Nyamwage."

"Nilikwenda."

"Na mie nilisema kuna mnada."

"Ulisema."

Walikula.

Arobaini ilipopita, Waride alimwambia mumewe waende kwa Ismaily. Haidari aliuliza kwenda kusema nini. "Kwamba tulijua," Waride akajibu. "Yeye anadhani gari liliharibika. Hajui kwamba tulijua."

Walimkuta anapura mpunga uani, kidogo aliouokoa. Binti yake mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia tupu. Ismaily aliwakaribisha, akawapa mkeka. Haidari alieleza yote, tangu sanduku lilipofunguliwa: waya fupi, dari ya mbele, mnada, lori la Nyamwage, na simu. Alieleza polepole kwa maneno ya kawaida, asijifiche nyuma ya maneno ya ufundi. Ismaily alisikiliza huku akiokota punje moja moja zilizoangukia mkekani.

"Hizo waya," alisema mwishowe, "zilipungua kiasi gani?"

Haidari alinyoosha mikono, kiganja kimoja huku, kingine kule. Haikufika pima moja.

Ismaily aliitazama ile nafasi iliyokuwa kati ya viganja. Aliendelea kuitazama, na Haidari hakuthubutu kuishusha mikono.

"Na waya za kuongeza zilikuwepo?"

"Zilikuwepo. Gerejini."

"Zilikuwa gerejini," Ismaily alirudia. Akamchukua binti yake, akasimama. "Haya. Nendeni nyumbani. Nimesikia."

Kesho yake Haidari alikwenda Kibiti akarudi na waya na kontroboksi nyingine ambayo Azan alikuwa ameituma bila kuuliza maswali. Asubuhi iliyofuata alianza kazi baada ya kifungua kinywa. Alikata, akaunga kwa risasi, akafunika kila kiungo, akaitoboa dari ya mbele, akaifunga kontroboksi juu kabisa ndani ya kopo lisilopitisha maji. Stata aliipa swichi yake yenyewe, isiyoomba ruhusa popote. Adhana ya Adhuhuri haijaadhiniwa, kazi ilikuwa imekwisha.

"Twende Mivumoni," Waride alisema.

Maji yalikuwa bado hayajaondoka kule, yamepungua lakini yangali mapajani mahali penye shimo. Waride aliingia. Yalipanda kwenye ngazi, yakaingia kwa chini ya milango, yakapita juu ya mahali kontroboksi ilipokuwa zamani, yakalowesha kiti. Injini iliendelea. Katikati, palepale, Waride alisimama kwa makusudi, akaizima, akaiwasha tena. Ikawaka. Wakatokea upande wa pili, maji yakichuruzika kutoka kila tundu.

Haidari hakuteremka. Alikuwa ameshika ubao wa mbele kwa mikono miwili.

"Asubuhi moja," alisema. "Hata asubuhi nzima haikufika."

Alilia kwa sauti kubwa mbaya, kama mtu anayetapika. Waride alimwacha. Hakumgusa, kwa sababu hakuwa na hakika kwamba yeye mwenyewe angeweza kuacha kulia akianza. Kulikuwa na watu kule kibandani wanaotaka kwenda Ikwiriri; walilitambua gari na walikuwa wakitazamana. Mwishowe mwanamke mmoja mwenye kikapu alikuja akafungua mlango wa nyuma, akapanda, na wengine wakamfuata. Waride aliondoa gari.

Hivyo Landrova ikarudi barabarani, maana Mkongo haikuwa na gari jingine, na watu wana mazao na wana wagonjwa. Haidari alirudi Kibiti. Alikuwa bado fundi mzuri, lakini akipewa kazi ya kufanya kesho alianza kuifanya pale pale, usingizi ukimshinda, na wenzake gerejini walimwona kama mtu aliyepungukiwa na kitu. Jina la Friji hakuna aliyelitamka tena.

Wakati wa mavuno ya ufuta, barabara imekauka na vumbi limerudi, Waride alimkuta Ismaily kituoni na gunia lake. Alisimamisha gari. Abiria walisogea kumpa nafasi.

"Karibu, kaka Ismaily. Hata mbele papo."

Ismaily alilitazama gari toka tairi hadi paa. Kisha akalibeba gunia, akalipakia nyuma mwenyewe, akalisukuma likae vizuri kati ya mizigo ya watu.

"Lichukue hilo," alisema. "Mie nakuja."

"Unakuja na nini?"

"Na miguu."

"Ikwiriri, kaka? Kwa jua hili?"

"Nitafika."

Waride alitaka kuteremka, kumshika mkono, kumwambia jambo. Abiria mmoja alikohoa. Ismaily alikuwa ameshaanza kutembea pembeni ya barabara, bila haraka, mikono nyuma. Gari lilimpita, likiwa kimya kama lilivyo, na vumbi lake likamfunika.

Ikwiriri abiria waliteremka na mizigo yao, gunia likabaki. Wengine walimwomba Waride awarudishe Mkongo, akasema bado ana mzigo wa mtu. Alikaa kwenye ngazi ya gari mpaka alasiri. Ismaily alitokea, miguu yake ikiwa myeupe kwa vumbi, akalishusha gunia lake, akaliweka begani.

"Ahsante, da Waride," alisema, akaingia sokoni.

Ismaily alifanya hivyo msimu wote.